Kambi Nne, Kiangazi Kimoja: Jinsi Safari ya Newala Ilivyopangwa Mwaka 1906

Mpango wa kwanza ulikufa kabla masanduku hayajafunguliwa. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Dar es Salaam katikati ya mwaka 1906 akiwa na fedha za serikali ya Ujerumani na safari iliyokwisha kuchorwa kwenye ramani: kaskazini, nchi iliyo kati ya Kilimanjaro na Ziwa Victoria. Huko kukazuka machafuko katika nchi ya Wairaqw, njia ikafungwa. Mwishoni mwa Juni mtu huyo huyo, na mizigo ile ile, alikuwa Lindi, anajiandaa kupanda kuelekea Masasi na Newala, sehemu ambazo hazikuwamo kabisa katika mpango wake.

Aliondoka na kitabu kizima, picha nyingi, sauti zilizorekodiwa kwenye mitungi ya nta, na filamu ambazo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kupigwa Afrika kuhusu maisha ya watu wake. Maoni yake juu ya watu hao ni ya mkoloni wa zama zake, na mengi hayasomeki leo bila kukunja uso. Lakini upangaji wa safari ni kazi ya ufundi, na kwa upande huo safari yake inastahili kufunguliwa kiungo kwa kiungo, hasa kwa mtu anayefikiria kupanda uwanda wa Wamakonde kwa mara ya kwanza.

Tuanze na kalenda. Barua yake ya tarehe 9 Julai iliandikwa Lindi, ya tarehe 20 Julai Masasi. Agosti nzima alikuwa Chingulungulu, kwenye tambarare ya magharibi chini ya uwanda. Katikati ya Septemba alikuwa amekwisha fika Ruvuma na kupanda Newala. Novemba alikuwa Mahuta, anajiandaa kurudi pwani. Ukiziweka tarehe hizo juu ya majira ya kusini, zinaingia barabara. Kule hakuna vuli na masika kama Dar es Salaam au Tanga. Mvua ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Weule aliingia baada ya njia kukauka na akatoka kabla hazijalowa tena. Bahati ilichangia: kama machafuko ya kaskazini yangetokea Novemba, safari ya kusini ingekuwa ya matope.

Jambo la pili ni kambi. Wasafiri wengi wa enzi hizo walitembea kila siku, wakihesabu maili kama mfanyabiashara anavyohesabu faida. Weule alifanya kinyume. Alikaa Masasi, akakaa Chingulungulu kwa mtemi wa Wayao aliyeitwa Matola, akakaa Newala, akakaa Mahuta. Kutoka kila kambi alitembelea vijiji vya jirani na kurudi kulala palepale. Mizigo mizito ilibaki kambini. Kilichotembea ni kamera, daftari na watu wachache.

Wapangaji wa safari za milimani duniani kote wameifikia hesabu hiyo hiyo. Wanaokwenda kuteleza kwenye theluji katika milima ya magharibi ya Marekani hulala Salt Lake City, mjini chini, na asubuhi hupanda Alta, Snowbird au Park City, mwendo usiofika saa moja kwa gari theluji isipoziba njia. Kituo kimoja, matawi mengi: mtu habebi nyumba yake mgongoni kila siku, na hali ya hewa ikiharibika upande mmoja anageukia mwingine.

Gharama ya kuhamisha kambi mwaka 1906 ilipimwa kwa mabega. Mzigo wa mpagazi katika misafara ya Afrika Mashariki ulikuwa wa kama kilo 30. Sarafu pekee zilikuwa tatizo. Rupia moja ya fedha ilikuwa na uzito wa karibu gramu 12, kwa hiyo rupia 1,000 zilizidi theluthi moja ya mzigo wa mtu mmoja. Hizo zilikuwa nafuu. Mwanakijiji anayeuza kuku au mayai hana chenji ya rupia, anataka heller, zile sarafu ndogo za shaba ambazo 100 zilifanya rupia moja. Kila moja ilikuwa ya takriban gramu nne. Rupia 100 zikivunjwa kuwa heller ni kilo 40, yaani mpagazi mzima na zaidi, kabla hujaweka unga, hema, sahani za kioo za kamera wala fonografu. Msafara wa Weule ulibebwa na Wanyamwezi, chini ya mnyapara aliyeitwa Pesa Mbili. Jina linaendana na kazi.

Kinachoanguka nje ya hesabu ya Weule ni bei halisi ya ukarimu aliopata. Alitembea na askari. Mwaka mmoja tu nyuma, Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walikuwa wameteketeza misheni ya Masasi na ile ya Nyangao iliyo njiani kutoka Lindi, na kisasi cha serikali kilikuwa bado kinauma. Msaidizi wake wa njiani mwanzoni alikuwa Ewerbeck, mkuu wa wilaya ya Lindi mwenyewe. Jumbe anayeona ujumbe wa namna hiyo unaingia kijijini mwake haulizwi kama ana nafasi ya wageni. Mpango unaotegemea bunduki huonekana mwepesi kwenye karatasi kwa sababu uzito wake umebebwa na wengine.

Halafu kuna maji, na hapa ndipo safari yoyote ya Newala inapopangwa au kuharibika.

Masasi na Newala ziko karibu, lakini kwa maji ni nchi mbili. Masasi imezungukwa na milima ya mawe mitupu inayochomoza kwenye tambarare, ile ambayo mjiolojia Wilhelm Bornhardt aliiona kusini mwa Tanganyika na kuipa jina la Kijerumani lenye maana ya mlima wa kisiwa, jina ambalo wanajiografia wanalitumia mpaka leo. Mvua ikipiga jiwe tupu haina pa kujificha; inateremka na kuingia ardhini kwenye miguu ya mlima, na hapo watu huchimba. Uwanda wa Makonde ni kinyume chake. Juu ni mchanga na mwamba wa mchanga unaonyonya. Mvua inazama moja kwa moja, inapita chini kwa chini, na kutokea kama chemchemi kwenye kingo za uwanda, mamia ya mita chini ya nyumba za watu. Juu hakuna mto. Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20, na kila ndoo iliyotumika Newala ilikuwa imepandishwa na mtu kwenye ule mteremko. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke.

Kwa nini basi watu waliishi juu? Weule alisimuliwa habari za asili ya Wamakonde: mtu wa kwanza na mkewe walizaa bondeni karibu na maji, watoto wakafa, walipohamia mahali pa juu, mtoto akaishi. Ndipo wazee wakaagiza watu wakae mbali na mabonde na maji makubwa, maana huko kuna maradhi na kifo. Anayejua mbu wa bonde la Ruvuma hahitaji tafsiri. Historia ya wamisionari inaongeza sababu nyingine. Askofu Edward Steere aliwaweka watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar pale Masasi mwaka 1876. Alikuwa akielekea mbali zaidi, Nyasa, lakini akaishia kwenye milima hiyo yenye maji na ardhi. Mwaka 1882 Wangoni walivamia, na kituo kikahamishiwa Newala. Bondeni kuna maji bila usalama. Juu kuna usalama bila maji. Kwa karne nzima watu wa eneo hili walipanga makazi yao kati ya ncha hizo mbili, na msafiri aliyekuja na hema hakuweza kukwepa kanuni hiyo.

Baridi ilimshangaza mgeni kuliko kiu. Newala iko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, kwenye ukingo wenyewe, hakuna cha kuzuia upepo unaopanda kutoka Ruvuma. Asubuhi ukungu, mchana jua, jioni upepo unaotikisa hema. Mpango wa Weule haukuwa na maandalizi ya kutosha kwa hilo. Hata hivyo baridi ile ilikuwa na faida moja ya kiufundi. Mitungi ya nta ya fonografu hulainika kwa joto, na nta laini haishiki sauti vizuri. Kwa kurekodi nyimbo, Newala ilikuwa studio bora kuliko Chingulungulu. Aliyepanga kambi zake zianzie tambarare yenye joto na kumalizia juu kwenye ubaridi alipata, bila kukusudia, mpangilio mzuri wa kazi: jifunze kwanza, rekodi baadaye.

Ni nini kimebaki katika mpango huo kwa mtu wa leo? Lindi hadi Masasi, njia iliyomgharimu siku kadhaa, ni lami ya kupitia Mingoyo, Nyangao na Ndanda, mwendo wa saa chache. Barabara ya juu, Mtwara–Tandahimba–Newala–Masasi, ni ya kama kilomita 210. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, ndicho kilichopata lami kwanza. Kilomita 160 zilizobaki zimo kwenye mradi unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Penye mkandarasi pana vumbi, michepuko na kusubiri, kwa hiyo mwenye busara hutoka Masasi asubuhi.

Juni hadi Septemba bado ndiyo miezi bora. Oktoba, mwezi aliokaa Weule Newala kwa utulivu, siku hizi una shughuli ambayo yeye hakuikuta: korosho. Zao hilo lilitawala uwanda baadaye, katikati ya karne ya 20, na minada ya vyama vya ushirika inapoanza, malori, wanunuzi na fedha huingia Tandahimba na Newala kwa pamoja. Atakaye gesti bila kuweka nafasi mapema asije msimu huo. Atakaye kuona uwanda ukiwa hai, aje msimu huo huo, na avumilie.

Maji nayo hupanda kwa mashine. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, ukisukuma maji ya visima vya Mitema kutoka bondeni hadi vijiji vya juu, na Ufini ilitia mkono wake katika miradi ya maji ya Mtwara na Lindi kuanzia miaka ya 1970. Pampu ikisimama, bomba linakauka, na nyumba inategemea kisima chake cha kuvunia maji ya mvua. Swali la kumuuliza mwenye gesti kabla ya bei ni moja: tangi linajazwa vipi?

Sweta lisisahaulike. Na Shimo la Mungu, ule ukingo wa Newala unaoangalia bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake, lina faida zaidi kwa anayelala mjini kuliko kwa anayekuja na kurudi Masasi siku hiyo hiyo, kwa kuwa ukungu wa asubuhi unaweza kulifunika lote, na mpitaji hana muda wa kungoja lifunguke.

Kitu cha mwisho ni njia ya kurudia. Weule hakurudi Masasi. Kutoka Mahuta aliufuata mgongo wa uwanda, unaoteremka polepole kuelekea mashariki, hadi Lindi. Hakushuka ukingo mkali, hakupita mara mbili penye vijiji alivyokwisha kuona. Kwa gari leo hesabu ni ile ile: panda kwa Masasi, shuka kwa Tandahimba hadi Mtwara, na hali ya barabara iulizwe kwa madereva wa mabasi stendi ya Newala jioni kabla ya safari, maana wao wameipita asubuhi hiyo.