Kambi ya Serikali Katika Kitabu cha John Steinbeck

Mwanafunzi mmoja aliyekwisha kusoma kitabu cha John Steinbeck kiitwacho The Grapes of Wrath, maana yake Zabibu za Ghadhabu, alinijia akaniuliza: "Mwalimu, watu hawa walipokuwa wakishinda na njaa katika nchi yenye mali nyingi namna ile, serikali yao ilikuwa wapi?" Swali lake lilikuwa jema kuliko yote niliyokuwa nimeyaandika ubaoni. Nataka tulijibu pamoja, msomaji, kwa kuwa jibu lake litatuonyesha uzuri wa kitabu hiki na kasoro yake pia.

Kwanza yafaa tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1929 bei za hisa katika soko la New York zilianguka, na miaka iliyofuata Marekani ikaingia katika mdororo mkubwa wa uchumi. Mabenki kwa maelfu yalifungwa, na watu wakapoteza akiba zao. Kufikia mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Mwezi wa Machi mwaka huo Franklin Roosevelt alishika urais. Serikali yake ilikagua mabenki kabla ya kuyaruhusu yafunguliwe tena, ikawapa watu kazi za kujenga barabara na mabwawa, tena ikawalipa wenye mashamba ili wapunguze mazao, bei zipate kupanda. Mpango huu wa mwisho uweke moyoni, maana tutaurudia.

Kitabu kilitoka mwaka 1939. Chasimulia habari za jamaa ya Joad, wakulima wapangaji wa Oklahoma, ambao shamba lao lachukuliwa na wenye ardhi na mabenki, na trekta moja yafanya kazi ya jamaa nyingi. Wanapakia vyombo vyao katika gari kuukuu lililogeuzwa lori, wanashika njia ya kwenda California, kwa sababu wameona vikaratasi vinavyosema wachumaji wa matunda wanatakiwa. Babu anafia njiani, na bibi naye hafiki akiwa hai. Wanapowasili wanakuta kwamba vikaratasi vilitawanywa kwa makusudi: kazi moja yagombewa na watu wengi, na kila anayekubali ujira mdogo amshusha mwenzake.

Serikali yaonekana katika sura ya ishirini na mbili, nayo yaonekana kwa namna ya kambi. Humo mna maji ya moto, vyoo safi, na kamati zilizochaguliwa na wakazi wenyewe. Polisi hawaingii bila hati ya hakimu. Watoto wawili, Ruthie na Winfield, wanaona choo cha maji kwa mara ya kwanza. Maji yanapovuma, wanadhani wamekivunja. Msimamizi wa kambi anakuja kunywa kahawa na mama yao, na mama, aliyezoea kufukuzwa kila mahali, anajiona amekuwa mtu tena. Sidhani kwamba hotuba yoyote ya siasa ingaliweza kutueleza kazi ya serikali njema kwa uwazi kama kikombe kile cha kahawa. Wala si ndoto tupu. Kambi za namna hiyo zilikuwako kweli; Steinbeck alitembelea ile ya Arvin mwaka 1936, akajifunza mengi kwa msimamizi wake, Tom Collins, ambaye ni mmoja wa wawili waliotunukiwa kitabu.

Lakini mwandishi huyu hakuishia katika sifa. Kambi ina kila kitu ila kazi. Tom Joad anapata kibarua cha siku chache, naye na wenzake wanaambiwa kwamba ujira wa senti 30 kwa saa umeshushwa kuwa senti 25, kwa amri ya chama cha wenye mashamba. Karibu mwezi wapita. Winfield aanza kuugua kwa kukosa chakula cha kutosha, na jamaa wanaondoka katika mahali pazuri pekee walipopata kupaona. Mwandishi asiyependa kweli angaliwaacha pale, hadithi ikaisha kwa furaha. Steinbeck ametuonyesha kwamba heshima ni kitu kikubwa, lakini haipikiki chunguni.

Sasa nitasema kasoro. Soma sura ya ishirini na tano. Machungwa yanamwagiwa mafuta ya taa yasiliwe, viazi vinatupwa mtoni, nguruwe wanachinjwa na kufukiwa kwa chokaa, huku watu wana njaa. Ni sura yenye ghadhabu kuu, na lawama yake yaelekezwa kwa wenye mali. Lakini mwaka 1933 ni serikali yenyewe iliyonunua nguruwe milioni 6 hivi na kuwachinja ili bei ipande, ingawa sehemu ya nyama iligawiwa maskini. Tena ni serikali iliyowalipa wenye mashamba wasilime pamba yote. Wengi wao walipokea fedha, wakawaondoa wapangaji ambao hawakuwa na haja nao tena. Hata sheria za mwaka 1935 za kulinda vyama vya wafanyakazi na kuwapa watu malipo ya uzeeni ziliwaacha nje vibarua wa mashambani. Basi mkono uliojenga kambi ulikuwa umesaidia kuwafukuza wakimbizi wake. Hilo kitabu hakielezi. Vivyo hivyo watu wa asili ya Mexico, walioyavuna mashamba yale kabla ya jamaa ya Joad na kusukumwa nje ya nchi kwa wingi katika miaka ile, hawapati nafasi katika hadithi.

Utasema kwamba riwaya si ripoti. Ni kweli, nami simdai mwandishi takwimu. Lakini anayetuonyesha serikali penye bomba la maji tu, wala asituonyeshe penye shamba, ametupa nusu ya jibu, na nusu hiyo ni tamu kuliko ile nyingine.

Mdororo ule haukukaa Marekani peke yake. Bei za mazao zilianguka katika Kenya pia, na mwaka 1931 serikali ya kikoloni ilifungua Benki ya Ardhi kuwakopesha masetla, hali Mwafrika akiendelea kutozwa kodi ya kibanda. Kwa hiyo, msomaji, usomapo habari za shida ya nchi yoyote, usitosheke kuuliza kama serikali ilisaidia. Uliza ilimsaidia nani, ilimwacha nani, na mwandishi alisimama wapi alipokuwa akitazama.

Mwanafunzi yule nilimjibu hivi: serikali ilikuwako kambini, tena ilikuwako shambani. Akakirudia kitabu akisome mara ya pili, nami nakuomba ufanye vivyo hivyo.