Kibao Kinachoisha Kazini

Fred Mutebi wa Uganda, aliyesomea sanaa Makerere, huchapa picha za rangi nyingi kutoka kibao kimoja tu. Wachapaji wengine hutenga kibao kwa kila rangi. Yeye hukichonga kile kile, akachapa, akakisafisha, akakichonga tena.

Kazi hiyo yataka kutazamwa polepole. Kwanza patasi hutoa sehemu zitakazobaki nyeupe kama karatasi yenyewe. Panaposalia hupakwa kwa rola rangi iliyo nyepesi kuliko zote, tuseme njano, na karatasi zote huchapwa. Kisha huchongwa kila mahali panapotakiwa kubaki njano. Kibao hupakwa rangi ya chungwa, na karatasi zile zile hulazwa juu yake, kona kwa kona. Karatasi ikisogea hata unywele, ukingo wa mlima pichani hutoka maradufu. Hufuata kijani, buluu, mpaka nyeusi, na wakati wote kibao kinapungua. Mwisho hubaki mistari michache ya giza, na hakuna awezaye kuchapa nakala nyingine hata moja. Idadi huamuliwa siku ya kwanza, pamoja na za akiba zitakazoharibika njiani.

Kwa kulinganisha, mchoraji Sam Ntiro (1923–1993) wa Machame, ambaye picha yake ya 1956 imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, alichora vijiji na mashamba ya Kilimanjaro kwa rangi za mafuta. Rangi hizo husamehe: anga lisiporidhisha, hufunikwa kwa jingine. Mbao iliyokwisha kuchongwa haijazwi. Mchonga kibao lazima aione picha nzima, tangu mwanga hadi kivuli, kabla ya kuinua patasi, tena aione kinyume, kwa kuwa cha kushoto kitachapwa kulia. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo ustadi wake mkubwa.

Bwawa la Manchira nchini Tanzania, linalowapa maji watu wa Mugumu, lingefaa sana kuchapwa hivyo kwa kibao. Weupe ungekuwa wa maji ya adhuhuri. Njano ingekuwa nyasi za kiangazi, na ingetandazwa mapema hata chini ya miti, maana kila kivuli kitakuja kulala juu yake. Migunga na ng'ombe wanaoshuka kunywa wangesubiri nyeusi. Fikiria subira ya kumwacha ng'ombe bila umbo mpaka rangi ya mwisho!

Mutebi pia amefanya kazi na wakulima wa Bukomansimbi wanaopanda mituba, miti ambayo magome yake hupondwa kuwa nguo. Ufundi huo wa Waganda ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Mtuba ukibanduliwa gome, shina hufungwa kwa majani ya mgomba na, tofauti na kibao kinachoisha, gome jipya huota.

Tukirudi kwenye kibao, mashine ya kuchapia si lazima. Kipande cha plaiwudi, patasi kali, rola na wino vinatosha, na mgongo wa kijiko husugua karatasi vizuri. Natamani sana vijana wa Manchira na Mugumu waletewe vifaa hivyo, pamoja na mwalimu asiye na haraka.