Kani ya Mguu Kwenye Barabara ya Kabambare

Baiskeli inayotoka vijiji vya Kabambare kwenda soko la Kasongo, mashariki mwa Kongo, na shehena ya mawese haipandwi, inasukumwa. Tuchukue bidoni 6 za lita 20. Lita 1 ya mawese ina kilo 0.9 hivi, kwa hiyo mafuta peke yake ni kilo 108. Baiskeli ya chuma ina kilo 20 na ushei. Jumla ni kama kilo 130, zaidi ya mara mbili ya mtu wa kilo 60 anayeisukuma. Kinachowezesha safari hiyo ni mbinu kadhaa ndogo, na kila moja ni jibu sahihi la kanuni fulani ya mwendo.

Bidoni hufungwa chini, ubavuni mwa magurudumu, kwa vipande vya tyubu kuukuu ambavyo huvutika mzigo unaposhtuka, kisha hurudi. Faida ya kufunga chini inapimika. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 50 kutoka ardhini na baiskeli ikainama nyuzi 5, mikono iliyoishika kwenye kimo cha mita 1 inahitaji kani ya nyutoni 55 kuizuia isianguke. Kitovu hicho kikiwa kwenye kimo cha mita 1, kani inayohitajika ni nyutoni 111. Sharti la pili ni kujaza bidoni hadi shingoni. Mafuta ya nusu bidoni yana nafasi ya kwenda na kurudi: baiskeli inasimama, yenyewe yanaendelea, yanapiga ukuta wa bidoni na kuvuta mzigo wote. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687.

Bidoni zikishachukua nafasi ya pedali, msukumaji analazimika kutembea mbali kidogo na usukani. Ndipo fimbo zinapohitajika: moja imefungwa kwenye usukani ikitokeza upande wake, nyingine imesimamishwa nyuma ya kiti. Ya kwanza ni wenzo. Mkono wa usukani wenye sentimita 30 ukirefushwa kwa fimbo hadi 60, kani ya kuugeuza inapungua nusu. Watu wa Viet Minh, huko Vietnam, waliosukuma mchele na risasi kuelekea Dien Bien Phu mwaka 1954 walifunga fimbo mahali hapohapo, na baiskeli zao zilibeba kilo 200 na zaidi.

Sasa twende kwenye usawa. Udongo mkavu ulioshindiliwa hudai kani ndogo, tuseme sehemu 2 kwa 100 ya uzito. Kwa mzigo wetu hiyo ni nyutoni 25, sawa na kuinua kilo 2 na nusu. Linganisha na mpagazi wa zamani. Njia ya Ujiji, Kabambare, Kasongo hadi Nyangwe ni ya kale. Misafara ya pembe za ndovu ilipita hapa, na mfanyabiashara Tippu Tip aliifanya Kasongo makao yake. Mbung'o hawakuacha wanyama wa mizigo waishi, kwa hiyo pembe zilibebwa na binadamu, wengi wao watumwa. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila 2, kilo 32 hivi. Vitabu vya shule husema kani inayoelekea juu haifanyi kazi yoyote mzigo unapokwenda usawa. Basi mbona mpagazi alichoka hivyo? Kwa sababu mwili wa mtembeaji hupanda na kushuka kwa kila hatua. Tukichukua sentimita 4 kwa hatua, na hatua 1,400 kwa kilomita, kuinua kilo 32 tena na tena kunadai jouli zipatazo 17,600 kila kilomita. Mwili hurudisha sehemu tu ya nishati hiyo. Iliyobaki huteketea misulini. Baiskeli hutumia jouli 25,000 kwa kilomita hiyohiyo huku ikiwa na kilo 108 za mafuta, maana ekseli ya gurudumu, njia ikiwa sawasawa, haipandi wala haishuki. Kwa kila kilo, ni chini ya nusu ya gharama. Na yule wa zamani alilipa gharama yake kwa nguvu za mwili ambao wengine walidai ni mali yao.

Ugumu wenyewe uko kwenye mlima, na hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba kinachoamua ni misuli. Chukua mwinamo wa mita 10 kwa kila 100. Mzigo unavuta kurudi nyuma kwa nyutoni 127. Ongeza 25 za msuguano wa magurudumu, unapata 152. Msukumaji naye anapanda, na uzito wake unamrudisha kwa nyutoni 59. Yote haya, nyutoni 211, yanapita mahali pamoja: chini ya nyayo zake. Mguu unasukuma ardhi kurudi nyuma, ardhi inamsukuma mbele, na ardhi haiwezi kutoa zaidi ya inavyoshika.

Kandambili ya mpira kwenye udongo mkavu, tuseme inashika sehemu 6 kwa 10 ya uzito wa mtu. Hizo ni nyutoni 353, na anapanda. Mvua ikinyesha, mshiko ukashuka hadi sehemu 2 kwa 10, zinabaki 118. Hata angekuwa na mapaja ya mnyanyua vyuma, angeteleza. Akiitwa mwenzake wa kilo 60, wawili wanahitaji nyutoni 270 huku ardhi ikiwapa 235. Bado. Watatu wanahitaji 328 na wanapewa 353. Hesabu hii inayachukulia matope kwa upole, kwani hayo pia huyashika magurudumu. Mtu akivua kandambili na kuzamisha vidole, anabadilisha kanuni yenyewe: hategemei tena msuguano wa juu ya udongo, anategemea udongo ulioko nyuma ya vidole kukataa kusogea. Na pale barabara ilipo pana, kupanda kwa kupindapinda kunapunguza mwinamo na kani, ingawa njia inarefuka na kazi ya kuinua mzigo inabaki ileile.

Sekondari za Kongo zinafundisha fizikia kwa Kifaransa, na mwanafunzi anaweza kukariri kanuni tatu za Newton hadi mtihani wa Serikali bila kuzigusa. Ningetamani sana mwalimu wa Kasongo aazime mizani ya kuning'iniza ya sokoni, aifunge mbele ya baiskeli yenye mzigo, aivute taratibu darasa likisoma mshale: kwenye usawa mkavu, kwenye mchanga, kwenye matope. Kilo zinazosomeka, zikizidishwa mara 9.8, ni nyutoni. Kipimo hicho hakihitaji maabara.

Mteremko una hatari yake. Kutoka kilima cha mita 30, baiskeli iliyoachiwa, msuguano ukiwekwa kando, ingefika chini kwa kilomita 87 kwa saa, tupu au imejaa, kwa kuwa tungamo halibadilishi kasi ya kuporomoka. Linabadilisha kusimama. Jouli 38,000 za mzigo wetu zikiingia zote kwenye rimu ya chuma ya kilo 1, joto lake lingepanda nyuzi 80. Ndiyo maana msukumaji haruhusu kasi izaliwe. Kwenye mwinamo uleule wa mita 10 kwa 100, anaegemea nyuma na kuzuia nyutoni 102 mfululizo, akishuka mita 1 kwa sekunde. Akilegeza kwa sekunde 3, kasi inafika mita 3.3 kwa sekunde. Kuisimamisha ndani ya sekunde 1 sasa kunadai nyutoni zipatazo 535, na nyayo zake, hata kwenye ukavu, hazina zaidi ya 353. Kinachobaki ni kuilaza baiskeli kwenye kingo ya barabara mara moja, kabla sekunde ya nne haijafika, na kukubali kupoteza bidoni moja au mbili.