Baridi ya Juni Haitoshi: Hesabu ya Peoni Katika Lupango la Buluo

Watu wa Likasi, Katanga, wanaijua baridi. Mwezi wa sita na wa saba, mvua zikiwa zimekwisha zamani, asubuhi huwa kali na watoto huenda shule wamejifunga makoti. Tuko juu, kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na usiku usio na mawingu huteremsha joto hadi nyuzi 8, mara nyingine chini ya hapo. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba peoni ni ua linalodai baridi, hutazama lupango lake, yaani kiwanja chake, huko Buluo na kuona sharti limetimia. Anatafuta mizizi, anaizika, majani yanatoka mazuri, na ua halionekani. Lawama huiangukia Oktoba yenye jua kali, au udongo mwekundu. Kwa hesabu yangu, tatizo liko katika Juni ileile tunayoitegemea, kwenye saa nane mchana.

Peoni ya bustani, ambayo wataalamu huiita Paeonia lactiflora, asili yake ni China ya kaskazini na Siberia. Kila mwaka mashina yake hufa, na uhai hubaki chini, katika mizizi minene yenye vichipukizi vyekundu tunavyoviita macho. Macho hayo hulala. Hata ukiyapa maji, mbolea na jua, hayaamki vizuri mpaka yapitiwe na baridi ya muda mrefu. Muda huo umepimwa. Mwaka 2003 Rina Kamenetsky na wenzake nchini Israeli walichapisha utafiti juu ya 'Sarah Bernhardt', peoni ya rangi ya waridi iliyotolewa na kina Lemoine wa Nancy, Ufaransa, mwaka 1906. Ili usingizi uvunjike, mmea ulihitaji kama siku 60 kwenye nyuzi 2, au kama siku 70 kwenye nyuzi 6. Ukishaamka, ulistawi vizuri zaidi mchana ukiwa na nyuzi 22 na usiku nyuzi 10. Ulipowekwa kwenye nyuzi 28 mchana na 22 usiku, maua yaliharibika.

Sasa ziweke namba hizo kando ya Juni ya Likasi. Alfajiri tuna nyuzi 7 au 8, lakini kwa saa chache tu. Ikifika mchana tuko 25 au 26. Wengi hujumlisha saa za usiku peke yake, wakadhani baridi inakusanyika kidogokidogo mpaka itoshe. Haikusanyiki hivyo. Mwaka 1987, Fishman na Erez, nao wa Israeli, pamoja na mwenzao walieleza kwa hesabu jinsi miti ya matunda inavyopokea baridi, na hesabu yao hutumika hadi leo. Mmea hupokea baridi kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza baridi bado ni mbichi, na joto la mchana linaweza kuifuta. Ikishafika hatua ya pili imekomaa, na joto haliiondoi tena. Hesabu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mipichi, lakini naamini inaieleza vizuri peoni ya Buluo: usiku unaweka, mchana unafuta, na Agosti inafika mmea ukiwa karibu mikono mitupu.

Lakini ukizitazama tena namba za utafiti, utaona habari njema. Nyuzi 22 mchana na 10 usiku, zile ambazo peoni iliyokwisha kuamka huzipenda, ziko karibu sana na Juni na Julai zetu. Likasi haina majira ya kuilaza peoni, ila ina majira mazuri mno ya kuiamsha. Tukiliona hilo, kazi yote inageuka. Tusiilaze wakati wa baridi kama wafanyavyo Ulaya. Tuilaze wakati wa mvua, ndani ya friji, na tuitoe nje baridi yetu inapoanza.

Kalenda inakuwa hivi. Katikati ya Februari mizizi inaingia kwenye friji na kukaa humo hadi mwisho wa Aprili, zaidi kidogo ya siku 70. Mei inapandwa, au chungu chake kinatolewa nje. Majani hukua katika Mei na Juni, na maua hutegemewa Julai, hewa ikiwa kavu. Faida ya pili ni kubwa vilevile: sehemu ya ile miezi ya mvua nzito, ambamo mizizi ya peoni huoza na kuvu ya kijivu hushika machipukizi, mmea unaipitisha mahali pakavu.

Waisraeli wenyewe hawakutumia njia moja. Waliolima kwenye miinuko ya kaskazini waliiachia baridi ya milimani ifanye kazi, kisha wakafunika mimea kwa plastiki ili ichanue mapema. Waliimwagia pia dawa ya jiberelini, homoni ya mmea inayosaidia macho kuamka pale baridi ilipopungua. Kwa bustani ya nyumbani mimi siishauri. Inataka vipimo vya uangalifu, na haiondoi haja ya baridi.

Friji ya kawaida huwa kwenye nyuzi 4 hivi, na inatosha. Mizizi ifunikwe kwa takataka za randa zenye unyevu kidogo, ndani ya mfuko uliotobolewa. Isikae kwenye barafu, wala pamoja na ndizi na maembe, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa gesi inayoweza kudhuru macho. Kuhusu umeme, kila mtu hapa anaijua delestaji, yaani umeme kukatwakatwa, ingawa bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira linazalisha tangu 1930. Hapo ndipo hesabu ya hatua mbili inapotutuliza: baridi iliyokwisha kukomaa haipotei kwa sababu umeme umekatika usiku mmoja. Panga chupa za maji kuuzunguka mfuko ili zishike ubaridi, usifungue mlango ovyo, na siku ambazo friji ilipata joto kabisa uziongeze mwishoni.

Udongo nao una neno lake. Peoni hupenda udongo usio na uchachu mwingi, na mwekundu wetu una uchachu. Mahali pengine, hasa upande wa viwanda vya Shituru, shaba nayo inaweza kuwemo. Mylor Shutcha wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha mwaka 2010 jaribio la kuotesha nyasi za asili kwenye udongo wa Katanga uliojaa shaba, wakiusaidia kwa mboji na chokaa. Vitu hivyohivyo viwili ndivyo ningeanza navyo Buluo, na mawe ya chokaa ya Kakontwe yako hapa hapa Likasi. Tumia chokaa iliyosagwa tu. Iliyochomwa huunguza mizizi. Kama lupango liko karibu na kiwanda, chungu kikubwa chenye udongo ulioletwa kutoka mbali ni salama zaidi.

Macho yafunikwe kwa sentimita 2 au 3 tu. Yakizama sana utapata majani matupu. Chagua aina inayowahi, yenye petali chache. 'Sarah Bernhardt' ni nzuri kweli, lakini huchelewa, na ua lililojaa hivyo huteseka haraka joto likipanda.

Tahadhari moja naisisitiza. Mizizi inayotoka Uholanzi mara nyingi imekwisha kupitishwa kwenye vyumba vya baridi kabla ya kusafirishwa. Ikitoa ua mwaka wa kwanza, hilo halithibitishi chochote kuhusu Likasi, maana inatumia baridi ya kule. Jibu hutolewa na mwaka wa pili na wa tatu, na miaka hiyo hutegemea majani. Ukikata ua la kuweka mezani, acha majani mawili au matatu kwenye shina. Kuanzia Agosti mpe mmea kivuli cha mchana, umwagilie hadi mvua zishike Novemba, na usikate majani mpaka yanyauke yenyewe. Yakikaa mabichi hadi Januari, yapunguzie maji chini ya paa kwa wiki chache kabla ya friji.