Thabeet alivyotupwa Hartford: mkono ulionaswa, nyonga iliyoshuka

Tarehe 16 Februari 2009 Hasheem Thabeet alikuwa anatimiza miaka 22. Usiku huo, katika ukumbi wa XL Center mjini Hartford, timu yake ya Chuo Kikuu cha Connecticut, iliyokuwa namba moja Marekani, iliikaribisha Pittsburgh iliyokuwa namba nne. Mchezo ulikuwa bado mbichi pale yeye na DeJuan Blair wa Pittsburgh walipogombea mpira chini ya kikapu. Mikono yao ikanasana, na Blair akamrusha Mtanzania yule juu ya bega lake. Mtu wa mita 2.21 akatua sakafuni kwa mgongo. Pittsburgh ilishinda 76-68. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet, ambaye msimu ule alikuwa na wastani wa pointi 13.6 na ribaundi 10.8, aliambulia pointi 5 na ribaundi 4.

Tukio lile limesimuliwa sana kama habari ya ubabe: mwenye nguvu kamtupa mrefu, basi. Mimi naliona kama somo la ufundi ambalo halijasomwa vizuri. Naliandika kwa ajili ya makocha na waamuzi wa shule na vyuo vya Ngara na Biharamulo, kwa sababu vitu vilivyomwangusha Thabeet vinafanyika kila wiki kwenye viwanja vyetu, na vinapita bila filimbi.

Tuanze na miili. Blair alikuwa na urefu wa mita 2.01 tu, karibu shibiri nzima chini ya mwenzake. Uzito wao ulikaribiana, wote wawili wakicheza kwenye kilo 120 hivi. Kwa hiyo maelezo ya kwamba "mzito kamtupa mwepesi" hayasimami. Tofauti ilikuwa mahali uzito ulipokaa. Kitovu cha uzito cha mtu wa mita 2.21 aliyesimama wima kiko yapata mita 1.2 kutoka ardhini. Mwenye mita 2.01 aliyekunja magoti na kutanua miguu anakishusha chake chini sana ya hapo, na nyonga zake zinaingia chini ya nyonga za aliye nyuma yake. Mkishafika hapo, mrefu hana msingi. Amesimama juu ya mwenzake, hata kama miguu yake bado inagusa sakafu.

Wabeba magunia ya kahawa wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Gunia halinyanyuliwi kwa mikono; unageuza mgongo, unashuka chini yake, unashika ncha moja, unainama, na gunia linakuja lenyewe. Alichofanya Blair ni hicho hicho. Ncha aliyoshika ilikuwa mkono wa Thabeet.

Na hapo ndipo penye kiini cha uchambuzi huu. Bega lilimaliza tu kazi iliyoanzwa na kwapa. Mchezaji wa mbele anapohisi mkono wa aliye nyuma unapita juu ya bega lake au ubavuni mwake, anaubana kati ya kwapa na mbavu, anaugeuza mwili nusu hatua, na kuanzia hapo mwenye mkono ule si huru tena. Hawezi kuruka, hawezi kurudi nyuma, hawezi hata kuanguka kwa namna atakayo. Akivuta mkono kwa nguvu kwenda juu, anajiongezea mwendo wa kupanda mgongoni mwa mwenzake. Anayebana akiinama wakati huo huo, nguvu mbili zinakutana upande mmoja, na mrefu anapaa. Mara nyingi hakuna anayekuwa amekusudia mtu apae. Kubana mkono, hata hivyo, kumekusudiwa. Ni mbinu inayofundishwa kimya kimya na kila mchezaji mzee wa chini ya kikapu, kwa sababu kwa aliye mbali inaonekana kana kwamba mrefu ndiye anayemkumbatia mfupi.

Thabeet alikuwa rahisi kunasika kwa mbinu hii, na sababu iko kwenye historia yake. Alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, Dar es Salaam, akasoma Makongo, akapita Kenya, kisha Houston, na mwaka 2006 akaingia Connecticut. Kijana wa urefu ule akianza akiwa amechelewa, kila kocha anamfundisha kwanza kitu kimoja: kaa chini ya ringi, nyoosha mikono, zuia mitupo. Alikifanya vizuri kuliko yeyote. Alikuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mwaka 2008 na tena 2009, akizuia zaidi ya mitupo minne kwa mchezo. Lakini kazi hiyo inafanywa kwa mwili wima. Kugombea ribaundi ni kazi ya magoti, nyonga na matako, na Blair alikuwa ameifanya tangu utotoni Pittsburgh. Jambo la kushangaza ni kwamba Blair mwenyewe hakuwa na ligamenti za mbele kwenye magoti yote mawili, baada ya kuumia na kufanyiwa upasuaji akiwa sekondari. Nionavyo mimi, mtu wa namna hiyo hulazimika kujifunza kushinda bila kutegemea kuruka.

Sasa, je, ilikuwa faulo ya aina gani? Mwaka ule vyuo vya Marekani vilikuwa vinatenganisha faulo ya makusudi na faulo mbaya ya kumtoa mchezaji uwanjani. Kuanzia msimu wa 2011-12 zikapewa majina ya daraja la kwanza na la pili. Sisi tunacheza kwa kanuni za FIBA, kwa hiyo nitalipima tukio kwa kanuni zetu. FIBA inasema faulo si ya kiuanamichezo pale mchezaji anapomgusa mwenzake bila jaribio halali la kuucheza mpira, au pale mgusano unapokuwa mkali kupita kiasi hata kama alikuwa anautafuta mpira. Adhabu yake ni mitupo huru miwili na umiliki wa mpira. Ukipewa mbili katika mchezo mmoja, unatoka.

Kipimo cha kwanza kinamgusa Blair moja kwa moja. Mkono uliobanwa kwapani haumsaidii mtu kuudaka mpira, unamzuia tu mwenzake. Kipimo cha pili kinatimizwa na matokeo yenyewe. Lakini mwamuzi mwadilifu hawezi kuishia hapo, kwa sababu FIBA inampa kila mchezaji nafasi yake, umbo la mcheduara linaloanzia sakafuni kwenda juu, likiwa na mipaka mbele kwenye viganja, nyuma kwenye matako, pembeni kwenye mikono na miguu. Blair alikuwa mbele na nafasi ile ilikuwa yake. Mkono wa Thabeet uliopita juu ya bega la Blair ulikuwa umeshavuka mpaka. Ukigusa na kumsukuma aliye mbele, ni faulo ya kawaida, na ndiyo iliyotangulia. Hukumu yangu, kwa kanuni tunazotumia: yule wa nyuma alikosa kwanza kidogo, yule wa mbele akajibu kwa kosa kubwa. Filimbi ingelia mapema kwa lile dogo, lile kubwa lisingetokea.

Neno "kugusa" hapo lina uzito, na nalisisitiza kwa sababu viwanjani kwetu warefu wanaonewa. Kijana mrefu akinyoosha mkono juu ya kichwa cha mwenzake na kuuchukua mpira bila kumgusa, mashabiki wanapiga kelele "kampanda!", na mwamuzi anapuliza. Hakuna kanuni inayokataza kuwa mrefu. Mikono iliyo angani juu ya mtu si faulo mpaka kuwe na mgusano unaomnyima nafasi yake. Kijana akishapigiwa filimbi tatu za uongo, anaacha kunyoosha mikono juu na kuanza kuikumbatia miili, na hapo anaingia kwenye mtego wa kwapa kama Thabeet.

Kwa nini waamuzi hawaoni kubanwa kwa mkono? Kwa sababu macho yao yako kwenye mpira. Mtupo ukishaondoka mkononi, mpira uko hewani kwa sekunde moja na kidogo, na wakati huo makosa machache sana hufanyika kwenye mpira wenyewe. Mengi yako chini. Marekani wana waamuzi watatu. Sisi wilayani tunakuwa na wawili, au mwalimu mmoja mwenye filimbi. Wakiwa wawili, wa mstari wa mwisho chini ya kikapu anatakiwa ausahau mpira na kutazama miguu, nyonga na viwiko vya watu wanne au watano walio mbele yake. Akiona mkono umebanwa na mpira bado hewani, anaweza kusema kwa sauti, "Achia mkono!" Waamuzi wazuri hufanya hivyo mara mbili tatu mwanzoni mwa mchezo, na wachezaji wanaelewa. Asiyeelewa anapigiwa.

Lakini simama kwenye kiwanja cha shule siku ya mechi za UMISSETA uone mstari wa mwisho ulivyo. Wanafunzi wameketi juu yake, wengine miguu imeingia ndani. Pale pale anapotakiwa kusimama mwamuzi pamejaa watu, kwa hiyo anarudi katikati ya uwanja, na kutoka katikati anaona migongo tu. Kanuni inataka mita 2 za wazi kuzunguka uwanja. Kuwasogeza watoto hakuhitaji bajeti ya halmashauri wala barua. Kunahitaji mwalimu mmoja wa zamu na kamba.

Thabeet alianguka juu ya sakafu ya mbao, madaktari wa timu wakiwa hatua chache pembeni. Mchezaji wa Rulenge au Nyakahura anaanguka juu ya saruji iliyochubuka, au juu ya moramu, au anaipiga nguzo ya chuma ambayo haikuvikwa hata gurudumu la zamani. Anayetua kwa mgongo anaweza kuumiza shingo au kichwa. Murgwanza, Rulenge na Biharamulo kuna hospitali zinazofanya kazi kubwa, lakini jeraha la uti wa mgongo litapewa rufaa Bugando, Mwanza, na njia ya kutoka Ngara inapita Lusahunga, Biharamulo na Geita, saa nyingi za barabara pamoja na malori yanayotoka na kwenda Rusumo. Majeruhi wa shingo hapaswi kutikiswa hata hatua kumi. Ndiyo maana naitaka faulo hii ipigiwe filimbi ikiwa bado ni ya kwapa.

Kwa makocha, kazi iko mazoezini. Mrefu asifundishwe kukaa nyuma ya mtu na kunyoosha mkono mbele. Mtupo ukiondoka, apige hatua ya kando, aweke mguu mmoja mbele ya mguu wa mpinzani, akunje magoti mpaka matako yake yawe chini ya nyonga za yule mwingine, kisha ndipo mikono ipande, wima, viwiko vikiwa karibu na masikio. Akishindwa kupata mbele, mkono wa chini ukunjwe na ukae kwenye kifua chake mwenyewe. Mkono ulio kifuani haubaniki. Na ukinaswa tayari, asivute juu. Asogee kwa nyonga upande ule ule anaovutwa, ashuke, na mkono wa pili aunyooshe wazi ili mwamuzi aone nani amemshika nani. Zoezi hili halihitaji kikapu wala mpira. Wachezaji wawili, duara lililochorwa kwa chokaa, mmoja ndani na mmoja nje, na kocha akitazama viuno vyao tu. Mfupi naye afanye zoezi lile lile mikono ikiwa mgongoni, ajifunze kulinda nafasi yake bila kushika mtu, maana nyonga za Blair zilikuwa halali kabisa usiku ule, na zingemletea ribaundi nyingi hata bila ule mkono aliounasa.