Mitungi Ishirini, Punda Mmoja

Mkokoteni wa punda si kitu kigeni Thika, na pale Kiganjo utauona ukipita na maji, mchanga au mawe ya kujengea. Tuchukue maji, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20, kwa hiyo mitungi 20 ni kilo 400. Mkokoteni wenyewe tuukadirie kilo 100. Punda wengi wa huku hawafiki kilo 200. Anaondokaje na nusu tani?

Kazi kubwa imefanywa na fundi wa kuchomelea. Ametwaa ekseli ya gari kuukuu na tairi zake za upepo, akaiwekea fremu juu. Uzito umelala kwenye ekseli; punda anashindana na ukinzani wa barabara tu. Kwenye lami tambarare ukinzani huo ni kama asilimia 2 ya uzito, yaani mvuto wa kilo 10. Punda wa kilo 150 anaweza kuvuta kwa muda mrefu nguvu ya kilo 15 hivi, sehemu ya kumi ya uzito wake. Bado ana akiba.

Mlima ndio unaoimaliza akiba hiyo. Barabara ikipanda mita 5 kwa kila mita 100, ongeza kilo 25. Sasa anadaiwa kilo 35, na hapo bado tuko kwenye lami. Kwenye udongo mwekundu ulionyeshewa usiulize. Kwa hatua chache atajikaza, ila si kwa kilima kizima. Ndiyo maana mwenye punda mzoefu hushuka, husukuma kwa nyuma, na hukata barabara kwa mshazari: njia inarefuka, mwinuko unapungua. Dereva wa matatu aliye nyuma yake hupiga honi akidhani ni ukorofi.

Kupanga mitungi nako kuna ufundi. Ikizidi nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni huinuka na mkanda wa tumboni humkaba mnyama. Ikizidi mbele, uzito humwangukia mgongoni. Husemwa shukrani ya punda ni mateke. Kabla ya kumlaumu, kagua mikanda yake. Wa kifuani ukiwa kamba nyembamba, kila hatua inamkata ngozi.

Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuzidisha mzigo kuwa kosa. Lakini mzigo halali wa lami unaweza kuwa ukatili mita mia mbele, mlima unapoanza.

Mteremko ni hatari zaidi, na Thika, iliyokatwa na mito Chania na Thika, haina uhaba wa mabonde. Mikokoteni mingi haina breki. Kinachouzuia mzigo usimsukume punda ni mkanda unaopita nyuma ya mapaja yake, na huo ndio mara nyingi haupo, maana kwenye tambarare huonekana hauna kazi. Asiye nao apunguze mitungi kabla ya kuteremka, au amfungue punda na kuushusha mkokoteni kwa mikono ya watu.