Thuria Isiyowaka

Karibu kila gazeti linapotaka kumwonyesha msomaji kompyuta ya kwanta hutoa picha ile ile: sahani za shaba zilizopakwa dhahabu, zimening'inia moja chini ya nyingine, na mirija myembamba imejipinda baina yao. Mtu wa Mji Mkongwe akiiona atasema ni thuria. Kumbe hiyo ni friji tu. Katika mashine za namna hii, kama za IBM na Google, kazi yake ni kukipoza kibao kidogo kilichoko chini kabisa mpaka karibu na nyuzi 273 chini ya sifuri. Na ili kipoe hivyo, hapana budi vyote vifunikwe gubigubi. Kwa hiyo picha tunayoistaajabia ni ya mashine iliyozimwa.

Inanikumbusha kadi za posta za Gizenga. Zimejaa milango ya nakshi, na mgeni huondoka Unguja akidhani ameziona nyumba.

Picha ya pili inaniudhi zaidi, maana inajitia kufundisha. Ni ya sarafu inayozunguka mezani, ati ni kichwa na mwenge kwa wakati mmoja. Kisha msomaji huambiwa kwamba mashine hujaribu majibu yote kwa pamoja na kuchagua lililo sahihi. La hasha! Ukiipima, hutoa jibu moja tu, na ukiwa hukufanya jingine kabla, jibu hilo ni la kubahatisha. Bahati za sarafu hujumlishwa tu, hazifutani. Kyubiti, ambayo ndiyo chembe ya hesabu katika mashine hii, ina kitu ambacho sarafu haina: alama ya kujumlisha au ya kutoa. (Paka wa Schrödinger naye, aliyebuniwa mwaka 1935 ili kuonyesha upuuzi wa jambo, siku hizi amegeuzwa pambo la fulana.)

Anayetaka picha ya kweli na aende Forodhani maji ya bamvua yanapojaa. Wimbi linaloingia hukutana na lile lililogonga ukuta likarudi. Kilele kikikutana na kilele, maji huruka; kilele kikikutana na bonde, maji hutulia kana kwamba hapana kilichopita. Ndivyo inavyokwenda njia ya hesabu aliyoitoa Peter Shor mwaka 1994: mawimbi ya majibu mabovu hupangwa yafutane, ya jibu jema yapandane. Ustadi wote umo katika huko kupanga.

Kwa nini nigombane kwa ajili ya picha? Kwa sababu tangu mwaka 2023 kampasi ya IIT Madras, pale Bweleo, inafundisha sayansi ya data na akili mnemba, na vijana wetu watazijua fani hizi kwa picha kabla ya kuzijua kwa hesabu. Aliyelishwa sarafu atamwamini kila mchuuzi atakayemwahidi mashine inayojua kila kitu.

Wimbi langu nalo lina upungufu. Mashine ya Google ya mwaka 2019 ilikuwa na kyubiti 53. Kuichora kwa njia yangu kungetaka mawimbi zaidi ya trilioni 9,000, na hakuna bahari wala kitambaa cha kuyabeba. Ningemwomba mchoraji aanze na mawili, na ukuta.